Mtoto ameililia katuni ambayo wengine wanaisifu: nimwamini nani?

*“Nina watoto wawili, wa kiume miaka 9 na wa kike miaka 5. Jumamosi usiku tuliwawekea Madagascar, ile katuni ya simba, pundamilia, twiga na kiboko wanaotoka kwenye bustani ya wanyama. Kaka alicheka mwanzo mwisho. Mdogo naye alikuwa anacheka, mpaka simba alipomng’ata pundamilia rafiki yake. Hapo akaangua kilio, na leo ni siku ya tano halali bila kunishika. Nimesoma maoni ya watu mtandaoni nikazidi kuchanganyikiwa: wapo wanaosema ni filamu bora ya familia, wapo wanaosema haina hadithi, na kuna mahali imepewa asilimia 55. Wifi yangu anasema katuni ni katuni, mtoto anadeka tu. Je, nilikosea kuwaonyesha? Kati ya hawa wote nimwamini nani? Kaka anadai sehemu ya pili, na mdogo kila siku ananiuliza kama kweli simba anaweza kuwa na rafiki. Tunaishi Tabata.”*

Mama, pole kwa hizo siku tano za kulala nusu nusu. Nianze na lile ambalo naona limekuuma zaidi: binti yako hadeki. Mtoto wa miaka 5 anayelia pale simba anapomng’ata rafiki yake ameishika hadithi hasa pale ilipo nzito. Kilichomtisha kinajulikana, kina sababu yake, na kuna namna ya kukituliza. Siku tano nazo si nyingi kwa umri huo. Kuhusu kukosea, hapana, hukuchagua filamu mbaya. Ila saa, lugha na sauti mliyoitazamia huenda vilichangia, na nitavieleza, kwa sababu hivyo unaweza kuvibadilisha.

Tuanze na maoni ya watu. Hiyo asilimia 55 ni ya tovuti ya Rotten Tomatoes, na watu wengi huisoma kama alama ya mtihani. Sivyo inavyokokotolewa. Tovuti hiyo hukusanya mapitio ya wahakiki, kila pitio likawekwa upande mmoja kati ya miwili: huyu ameikubali, huyu hakuikubali. Kisha inahesabiwa, kati ya kila mia, walioikubali ni wangapi. Chukua sufuria ya pilau uipeleke kwa watu mia. Wote wakisema “inalika”, pilau hiyo imepata 100, ingawa hakuna hata mmoja aliyeomba kuongezewa. Sufuria ya pili, watu 55 wakaila mpaka ukoko, na 45 wakasema iliki imezidi, hiyo inapata 55. Unaona mwenyewe kwamba ya pili huenda ndiyo iliyopikwa kwa ujasiri zaidi. Tovuti hiyo imeweka mstari wake kwenye 60, na filamu ikiwa chini ya hapo inawekewa alama ya kushindwa. Kwa hiyo 55 inakuambia kwamba wahakiki waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Kuhusu ubaya au uzuri wenyewe haisemi kitu.

Kwenye IMDb, tovuti nyingine ya filamu, filamu hiyohiyo inakaa karibu na 7 kati ya 10. Hapo anayepiga kura ni yeyote aliyejiandikisha, anatoa namba kati ya 1 na 10, na tovuti inatafuta wastani kwa hesabu yake. Filamu ilitoka mwaka 2005. Mtoto aliyeitazama akiwa na miaka 8 wakati ule leo ni mtu mzima mwenye simu mkononi, na anapotoa 8 au 9 anailipa pia Jumapili yake ya utotoni. Kuna kipimo cha tatu, CinemaScore, ambacho huko Marekani huwapa watazamaji kadi za kujaza ukumbini, filamu inapoanza tu kuonyeshwa. Madagascar ilipata A kasoro. Ni alama nzuri, lakini kumbuka imetolewa na watu waliochagua wenyewe kuja, wakalipa kiingilio na wakaleta watoto wao. Watu wa namna hiyo huwa na mkono mwepesi.

Sasa weka vipimo vyote vitatu mezani. Cha kwanza kinajibu: wahakiki wangapi waliikubali? Cha pili: waliojiandikisha wanaikumbuka vipi? Cha tatu: waliokwenda ukumbini walitoka wameridhika? Swali lako lilikuwa jingine kabisa: mtoto wa miaka 5 atalala? Hakuna hata kimoja kilichopima hilo, na ndiyo maana uliposoma zaidi ulichanganyikiwa zaidi.

Wifi yako naye nimjibu kwa heshima. Uhuishaji ni namna ya kutengeneza picha, haukuambii umri wa mtazamaji. Hata Marekani ilikotengenezwa, filamu hii haikupewa daraja la “kwa wote”. Ilipewa PG, maana yake mwongozo wa mzazi unashauriwa. Na hapa kwetu Bodi ya Filamu ina madaraja yake ya umri kwa sababu hiyohiyo, katuni zikiwemo.

Kwa nini basi watazamaji wamegawanyika hivyo juu ya filamu ya dakika 86 tu? Waongozaji wake, Eric Darnell na Tom McGrath wa studio ya DreamWorks, waliamua mambo ambayo hayawezi kumpendeza kila mtu. Kwanza ni umbo. Wanyama wao wamechorwa kwa kona na mikato, shingo ya twiga Melman ni kama bomba, na miili inavutika na kurudi kama mpira, kwa kufuata katuni za Kimarekani za zamani zilizochorwa kwa mkono. Anayependa manyoya yanayopepea kama ya kweli huona kazi imelipuliwa. Anayependa kasi na vichekesho vya mwili hucheka hata bila sauti, na binti yako bila shaka alikuwa huko kwa nusu saa ya mwanzo. Mimi niko upande wa hawa wa pili. Vichekesho vya mwili havihitaji mkalimani.

Pili, filamu inazungumza na watu wawili kwa wakati mmoja. Kuna sanamu ya Uhuru ya New York ambayo simba anaijenga ufukweni kwa miti, kisha inateketea naye anapiga magoti akilalama. Huo ni utani juu ya mwisho wa filamu maarufu ya mwaka 1968. Kuna steki zinazomdondokea simba huyo, Alex, usingizini kama petali za waridi, nao ni utani juu ya filamu ya watu wazima ya mwaka 1999. Mtazamaji asiyezijua hizo mbili anaona tu mnyama amechanganyikiwa. Ukikuta mtu wa Marekani ameandika kwamba alicheka kuliko watoto wake, na mtu wa Dar ameandika kwamba katikati filamu ilipoa, wote wawili wanasema kweli.

Tatu ni hadithi yenyewe, na hapa ndipo wazazi wanapoachana njia. Pundamilia Marty anatimiza miaka 10 na kutamani porini. Rafiki zake wanatoka kumfuata, wanakamatwa katika kituo cha treni, wanapakiwa melini kupelekwa hifadhi ya Kenya, na masanduku yao yanaangukia baharini mpaka Madagaska. Huko hakuna mtu wa kumletea Alex steki. Njaa inamfanya aanze kuwaona rafiki zake kama steki zenye miguu, na hatimaye anamng’ata Marty matakoni. Kwangu hilo ndilo wazo bora kuliko yote katika filamu nzima, maana linauliza swali la kweli: urafiki wa bustanini ulikuwa urafiki, au ilikuwa shibe tu? Lakini filamu inauliza kisha inakwepa. Mwishoni pengwini wanamlisha samaki, na mambo yanaisha. Mtoto mwenye akili atakuuliza samaki naye si mnyama? Wahakiki waliosema hadithi ni nyepesi walikuwa wanagusa hapo, na wana haki.

Binti yako aliliona swali hilo kabla halijajibiwa, akiwa na umri ambao jibu la namna ile halimfikii.

Utafiti wa hofu za watoto mbele ya televisheni umefanywa kwa miaka mingi, na jina ambalo huwezi kulikwepa ni la Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Tangu miaka ya 1980 yeye na wenzake walionyesha kwamba kinachomtisha mtoto hubadilika na umri. Mpaka karibu miaka 7, kinachotisha ni kile kinachoonekana: meno, macho, sauti, na zaidi ya vyote, kitu kugeuka kuwa kitu kingine. Akishavuka hapo, hofu inahamia kwenye yale yanayoweza kutokea kweli, kama wezi, moto, ugonjwa au mzazi kufariki. Mfano wao mmoja ni mzuri sana. Waliwaonyesha watoto kipande cha tamthilia ya mtu mpole anayegeuka kuwa jitu la kijani ili kuwaokoa watu. Wadogo walitishwa hasa na kule kugeuka, ingawa jitu lile lilikuja kusaidia. Kichwani mwao, mtu mpole alikuwa hayupo tena, na mahali pake alikuwa amesimama mwingine.

Sasa mwangalie Alex. Tangu mwanzo mtoto anafundishwa kumpenda, maana anacheza, anaringa, watu wanampigia makofi. Kisha macho yanabadilika, kucha zinatoka, anashuka kutoka miguu miwili hadi minne, sauti inakuwa nzito. Simba mbaya wa tangu mwanzo asingemliza binti yako hata kidogo, kwa kuwa yule angekuwa amejulikana. Kinachovunjika hapa ni imani kwamba anayenipenda atabaki kuwa yuleyule. Kaka yake wa miaka 9 anajua kanuni ya hadithi, kwamba shujaa hurudi. Yeye wa miaka 5 bado hajaipata kanuni hiyo, kwa hiyo usiku anashika mkono wa yule ambaye anataka kuhakikisha hajageuka. Yaani wewe.

Ndiyo maana maneno “si kweli, ile ni katuni tu” hayasaidii sana. Anakuitikia kwa kichwa, pengine hata analirudia mbele ya wageni, lakini picha inabaki palepale. Kwa umri wake, kinachoshusha hofu ni mwili, mazoea na mchezo. Maelezo yanafuata nyuma.

Kuna mambo mawili ya majumbani mwetu ambayo huyakuti kwenye mapitio ya Wamarekani. La kwanza ni lugha. Baada ya kung’ata, Alex anajuta. Anakwenda kujifungia mbali nyuma ya uzio wa miti, upande wa wanyama wakali, ili asiwadhuru rafiki zake, na Marty anamfuata kumsihi arudi. Majuto hayo yamebebwa kwa sehemu kubwa na mazungumzo ya Kiingereza. Mtoto asiyekijua anaupata mng’ato mzima, kwa kuwa ule ni picha, na anaikosa radhi, kwa kuwa ile ni maneno. Kama nakala yenu ilikuwa ile yenye sauti ya mtafsiri mmoja juu ya sauti za asili, hapo inategemea mtafsiri. Wapo wanaoeleza kwa uangalifu, na wapo wanaokoleza palepale pa hofu kwa kuwa wanatafsiria watu wazima. Isikilize mwenyewe kwanza dakika kumi za sehemu hiyo kabla ya kumlaumu Alex.

La pili ni sabufa. Hofu ya filamu husafiri kwa sauti pia, si kwa picha peke yake, na hasa zile sauti nzito za chini ambazo mtoto anazisikia kifuani akiwa amekaa sakafuni karibu na spika. Nahisi ilikuwa hivi: Jumamosi usiku, taa zimezimwa ili iwe kama sinema, sabufa imefunguliwa, na filamu ikiisha watoto wanakwenda moja kwa moja kitandani. Hapakuwa na hata nusu saa ya kula, kuoga au kubishana na kaka yake kati ya mng’ato na giza.

Sasa tufanye nini. Kwa leo usiku, usijadili filamu kabisa kitandani. Mpe kitu cha uvuguvugu anywe, umsugue mgongo taratibu, na umpe tochi ndogo iwe yake ndani ya chandarua. Chandarua chenyewe kinasaidia: mwonyeshe mnavyokichomekea pamoja chini ya godoro pande zote nne, kazi hiyo aifanye yeye. Kaa umemshika mkono kama anavyotaka kwa usiku mbili. Usiku wa tatu kaa kwenye kiti pembeni yake bila kumshika, na uweke mkono karibu tu. Usiku wa tano kiti kiwe mlangoni. Akirudi nyuma, rudi naye hatua moja, usirudi mwanzo.

Mchana fanyeni mchezo wa kanga. Jifunike kichwa mbele yake ukiwa unaongea kwa sauti yako ya kawaida, kisha unguruma kidogo sana, kisha jifunue: “Ni nani?” Ni mama. Kisha yeye ajifunike aungurume, wewe umtambue. Unaona tunachokifundisha: sura imebadilika, mtu ni yuleyule. Mpe na karatasi, mchore Alex wawili kwenye ukurasa mmoja, wa njaa na wa kucheza, wote wenye manyoya yaleyale shingoni. Dakika 10 zinatosha, mara moja kwa siku. Mkizidisha, simba anakuwa ndiye habari ya nyumba nzima.

Akishalala vizuri usiku tatu mfululizo, na akikubali mwenyewe, mnaweza kurudi kwenye filamu. Iwe saa nne au saa tano asubuhi, dirisha wazi, sabufa imezimwa, na rimoti iwe mkononi mwake. Hiyo rimoti ina kazi kubwa kuliko maelezo yako yote, kwa sababu mwenye kuweza kuisimamisha picha hafukuzwi nayo. Siku ya kwanza mtazame vipande vya pengwini tu. Siku ya pili mwanzo, mpaka pale wanapofika ufukweni. Siku ya tatu msimulie kwanza kwa Kiswahili kabla ya kuwasha: “Sasa Alex atasikia njaa sana. Atamng’ata Marty matakoni. Marty hatakufa. Alex atajuta, atakwenda kukaa peke yake, halafu Marty atamfuata.” Kisha mtazame sehemu hiyo bila sauti kabisa, na mrudishe sauti wanapopatana. Akisema hataki, izimeni. Hakuna mtoto anayelazimika kuimaliza filamu, na kumlazimisha ili “aizoee” ndiyo njia ya haraka ya kuigeuza wiki moja kuwa mwezi.

Yapo yanayoharibu kazi hii, na mengi hufanywa kwa nia njema. Baba akichukua fagio kumfukuza simba chini ya kitanda, amethibitisha kwamba simba alikuwepo. Kaka akinguruma mlangoni, siku tatu zimepotea. Mwambie wazi kwamba kucheka kwake ni sawa ila kunguruma hapana, na mpe kazi ya heshima ya kuwa mshika kiti cha mlangoni usiku mmoja. Kumwonyesha mtoto video za simba wa kweli wakiwinda ili “azoee” ni kumpa picha kali zaidi ya ile aliyonayo. Na uliza taratibu kama kuna mtu nyumbani, bibi, jirani au dada wa kazi, anayemwambia “usipomaliza uji simba atakuja.” Tuliambiwa hivyo sote tulipokuwa wadogo, lakini kwa wiki hizi simba apumzishwe na kazi hiyo.

Kuhusu sehemu ya pili anayoidai kaka. Ilitoka mwaka 2008 na wahakiki waliipokea vizuri kuliko ya kwanza, lakini tumeshaona kwamba hilo halimhusu binti yako. Inaanza na Alex akiwa mtoto, anatekwa na wawindaji mbele ya baba yake, na baba anajeruhiwa sikio kwa risasi akijaribu kumfuata. Kwa mtoto ambaye sasa hivi anahakikisha kila usiku kwamba mama yupo, ningengoja miezi kadhaa. Kaka anaweza kuitazama mchana mdogo akiwa shuleni. Ya tatu, ya mwaka 2012, ina rangi nyingi na sarakasi, na kwa wengi ndiyo inayochangamsha kuliko zote, ila kuna mama wa kukamata wanyama anayemsaka Alex akitaka kichwa chake akiweke ukutani. Kwa miaka 5 ni mbio tupu. Ya pengwini, ya mwaka 2014, wazazi huichukulia kuwa salama kwa sababu pengwini ni wachekeshaji. Kwa binti yako hasa ningeiweka mwisho kabisa: adui wake ni pweza anayejivika umbo la mtu, na anawageuza pengwini kuwa viumbe vya kutisha. Ni ugeukaji juu ya ugeukaji.

Nimetoa mfano huo makusudi, maana ndivyo unavyopaswa kuyasoma maoni ya watazamaji siku zijazo. Ukishajua kinachomtisha mtoto wako ni kugeuka, huhitaji tena kujua filamu ina nyota ngapi. Pita haraka kwenye “watoto wangu waliipenda sana” na “msipoteze muda”, kwa sababu hujui watoto hao wana umri gani wala muda huo ulikuwa wa nani. Simama kwa mtu aliyetaja umri, akataja sehemu, akataja kilichotokea. Maoni manne ya namna hiyo yanazidi wastani wa kura laki moja. Na wewe sasa una maoni ya namna hiyo. Ukipata nafasi andika: “Mtoto wa miaka 5, hajui Kiingereza, tulitazama usiku sauti ikiwa juu. Alicheka mpaka simba alipomng’ata pundamilia, akakosa usingizi siku tano. Wa miaka 9 hakuwa na shida.” Mzazi mwingine wa Mbagala au Kimara akiyasoma hayo, atajua la kufanya kabla ya kubonyeza.

Wakati wa kutafuta mtu wa kumwona ana kwa ana: kama wiki mbili mpaka tatu zimepita na hali haishuki hata kidogo. Au kama ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, anakataa shule, analalamika tumbo kila asubuhi, au hofu imesambaa kwa paka, mbwa na watu waliokuwa wa kawaida kwake. Hapo anzia kituo cha afya kilicho karibu au kwa daktari wa watoto, na umweleze tarehe ilipoanza na saa anazoamka. Ikibidi watawapa rufaa, na Muhimbili wana wataalamu wa afya ya akili. Kuna jambo moja zaidi la kuliangalia kwa utulivu. Wakati mwingine mtoto huitumia filamu kusema hofu aliyoipata kwingine. Akianza kusema “anageuka” kuhusu mtu anayemjua, au akakataa kabisa kuachwa na mtu fulani, usimbishie wala usimhoji kwa maswali mengi. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, na zungumza na ofisa ustawi wa jamii au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Katika ulichoniandikia sioni dalili hiyo. Nimeitaja kwa sababu kila mzazi anastahili kuijua.

Limebaki swali lake la kila siku, na usilijibu kwa kumficha. Mwambie simba hula nyama, na porini pundamilia ni chakula chake. Hana hasira naye, ana njaa. Mwambie Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, hakina simba wa porini kabisa. Kati ya wanyama wanaonyonyesha, mla nyama mkubwa wa kule ni fosa, ambaye kwenye filamu wanatembea kundi kubwa, lakini kwa kweli kila mmoja huwinda zaidi peke yake, uzito wake ni kama kilo 10 hata akiwa mkubwa, na ni ndugu wa nguchiro. Yule mfalme anayecheza ni lemuri, jamaa wa mbali wa komba wetu, na kwa lemuri wa aina yake wenye amri ni majike. Atalipenda hilo. Mwambie pia Tabata hakuna simba. Wapo mbali, kama kule Mikumi, mwendo wa saa nne au tano kwa gari, na huko wapo wote wanne wa filamu yake: simba, pundamilia, twiga na kiboko, kila mmoja akiishi kivyake.

Halafu umalizie na jibu lenyewe: ndiyo, simba ana rafiki. Rafiki wa simba ni simba mwenzake. Majike wa kundi moja hulea watoto pamoja na hunyonyesha hata wasio wao, na madume wawili watatu waliokua pamoja hutembea pamoja kwa miaka. Wakikutana baada ya kuachana, husuguana vichwa.